Sekunde Nne Nne

Huyoo, anarudi tena Mwalimu Ondiek,
saa ndani ya leso, leso ndani ya bahasha,
bahasha kaishika kwa mikono miwili
utadhani ananiletea yai.

"Akumu, mshale unachechemea."
Naitazama. Kweli. Mshale wa sekunde
unasimama, unafikiri,
kisha unaruka nne kwa mpigo,
kama mtu avukaye mtaro hapa Kibuye
baada ya mvua, viatu mkononi.

Si ugonjwa huo, Mwalimu. Ni adabu.
Walioiunda walikuwa watu wenye haya:
saa yao haizimiki bila kuaga.
Betri ikichoka inakusanya hatua,
inalipa sekunde nne kwa mkupuo mmoja,
na dakika hazipotei.
Una wiki mbili hivi. Au tatu.

Lakini hakuja kuuliza lini. Kaja kuuliza kwa nini.
Maana kila Ijumaa jioni, kengele ikishalia,
yeye hukivuta kifundo, tik, mishale ikalala,
hadi Jumatatu alfajiri.
Likizo ya Aprili, ya Agosti, ile ndefu ya Desemba,
zote kaziandika kwa wino mwekundu
katika daftari kuukuu la mahudhurio.
"Betri ya miaka mitatu ingenifikisha sita.
Imenipa minne. Nani kala miwili?"

Nafungua mgongo kwa kisu.
Nampa lenzi, aone mwenyewe.
Hako kajiwe, kadogo kuliko ukucha wa mtoto,
hutetemeka mara elfu thelathini na zaidi
kila sekunde, na kula yake ni ya chiriku.
Mlaji ni huyu hapa, mota,
koili ya shaba nyembamba kama unywele:
kila sekunde asukume gurudumu,
kila sekunde aombe konzi yake ya unga.
Ukivuta kifundo, mlaji huyu analala. Hapo hukukosea.
Lakini betri ni gunia la mahindi, Mwalimu.
Hata usipopika,
dumuzi wanapika.

Anatikisa kichwa kama aliyesahihishiwa mtihani.
Napiga hesabu kwenye kiganja:
betri kwangu ni mia na hamsini, miaka mitatu;
mwaka aliouokoa, basi, ni shilingi hamsini.
Anacheka. Mimi nacheka pia,
nikiinamisha uso.

Kwa sababu kuna Jumamosi moja ya Novemba
ambayo hajaitaja, wala sijaitaja.
Nilikuwa na lenzi jichoni, skrubu imeniponyoka.
Kivuli kilisimama juu ya sinia yangu
ambako saa zote za kuuza zimevutwa vifundo,
zote zimefungua mikono vizuri kwa wateja:
saa nne na dakika kumi,
saa nne na dakika kumi,
saa nne na dakika kumi.
Sauti ikasema asante, mwanangu,
kumbe bado mapema.
Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika kwa wauza omena,
anatembea polepole, mwendo wa mtu mwenye muda.
Ilikuwa saa sita na nusu.

Sijui alikuwa anakwenda wapi.
Alikuwa amevaa tai.

Nabandika betri mpya. Mshale unashtuka,
moja, moja, moja.
Analipa kwa noti ya mia na sarafu zilizopangwa,
anaifunga saa mkononi, haifungi kwenye leso.
Ijumaa ikifika atafanya atakavyo;
mimi si mke wake, na mke wake hayupo.

Ila kuna saa moja kwenye sinia,
ya kitoto, ya waridi, mkanda una vipepeo,
mwaka wa pili haijapata mnunuzi.
Tangu ile Novemba nimekisukuma kifundo chake ndani.
Inakula betri yangu bure, mchana na usiku,
katikati ya zile nne na dakika kumi,
na nimeiweka upande wa njia.